Ufunguo wa Vipande Viwili

Kazi yangu ilikuwa kufungua maji na kuyafunga. Nimekuwa idara ya maji tangu ujana wangu mpaka mwaka huu waliponipa saa ya ukutani na kunipigia makofi, nanyi vijana wa depo mkaniomba niwaachie maandishi ya yale niliyojifunza. Nimekubali, lakini mjue mapema kwamba sitaandika habari za vyeo. Cheo changu kilibadilishwa jina mara kadhaa, na vali zikaendelea kufunguka kwa mkono uleule. Nitaandika habari za vyuma na chemba, za mtu aliyenifundisha, na za ile miaka ya vyama vingi ambayo mpaka leo nikiikumbuka nashindwa kumaliza chai.

Naandika pia kwa sababu redioni naanza kusikia tena mjadala wa katiba: nani apewe mamlaka, na yashuke mpaka wapi. Wanaojadili wanasema kana kwamba jambo hili ni geni. Mimi niliyaona mamlaka yakiahidiwa, nikayaona yakishuka, na nikaona mahali yalipokwama. Mahali hapo ningeweza kuwapeleka kwa miguu.

Nilizaliwa Kaloleni, katika nyumba za jiji, baba akiwa mfanyakazi wa reli. Baba alifariki, na mama hakukaa sana akamfuata. Mimi ndiye niliyetangulia kuzaliwa, kwa hiyo niliacha shule ya msingi kabla ya mtihani, wadogo zangu wabaki darasani. Kitindamimba wetu, Nekesa, alikuwa bado anabebwa mgongoni. Kazi ya kwanza iliyonikubali ni kuchimba mitaro ya mabomba. Nilichimba nikiwa na hasira na udongo, maana sikuwa na mtu mwingine wa kumkasirikia.

Aliyenitoa mtaroni ni Mzee Athumani, mfungua vali wa sehemu zetu. Alikuwa mtu wa Pwani aliyekulia huku kwetu Eastlands, mashariki ya jiji, Kiswahili chake kikiwa safi kama kikombe cha wageni, na kofia yake haikuwahi kushika tope hata siku ambazo sisi wengine tulionekana kama matofali. Alinikabidhi ufunguo wa vali siku ileile aliyonichagua. Vijana wa depo mnaujua: fito la chuma refu kama mtu, chini lina kikombe cha mraba cha kukamata kichwa cha vali, juu lina mkono uliokingamana wa kuzungushia. Nikaushika, nikauzungusha kwa nguvu zangu zote za mtaroni. Mzee Athumani akanishika bega.

"Mwanangu, unagombana na nani?"

"Nafunga, Mzee."

"Hapana. Wavunja. Maji yana mbio zake. Ukiyafungia mlango kwa ghafla, yatapiga kichwa, na bomba litapasuka kwa jirani ambaye hata hajui kama ulikuwa na hasira. Funga kama unayemlaza mtoto."

Nimefundishwa mengi baadaye na watu wenye vyeti, na mengi yalikuwa ya maana, lakini hili ndilo lililookoa mabomba mengi zaidi. Alinifundisha pia kuweka sikio kwenye ncha ya fito na kusikiliza. Bomba lenye maji ya kutosha linanguruma. Lenye maji haba linapiga mluzi. Bomba lililovuja linasema sana, na mara nyingi linasema uongo kuhusu mahali lilipovuja. Nendeni mkasikilize kabla ya kuchimba barabara ya watu.

Mtaa wa Umoja ulipojengwa nilipewa kazi huko. Zilikuwa nyumba nadhifu zilizopangwa kwa mstari, na ramani ilionyesha kila chemba, shimo la vali lenye mfuniko, ilipo. Ramani ilikuwa kweli kwa muda mfupi. Wenye nyumba walianza kuongeza chumba mbele, chumba nyuma, kisha ghorofa, na chemba zetu zikamezwa. Kuna vali moja niliyoitafuta asubuhi nzima mpaka Mwalimu Elijah, mwalimu mstaafu aliyekuwa na nyumba za kupangisha, akakubali kwamba huenda iko kwake. Ilikuwa chini ya kitanda cha mpangaji wake, fundi cherehani, ambaye alikuwa amelala.

"Pole, ndugu," nilimwambia, "nimekuja kufunga maji ya mtaa."

"Kwangu?" akauliza, bado yuko ndani ya blanketi.

"Chini yako."

Mwalimu Elijah alisimama mlangoni akikohoa kikohozi cha mtu anayetaka mazungumzo yabadilike. Nilimgombeza kama mtoto wa shule, naye akajibu kwamba serikali ndiyo iliyoweka chemba mahali ambapo yeye alikuwa amepanga kuweka chumba. Tulikuwa maadui wa kawaida kwa miaka mingi. Mkumbukeni huyu mtu, kwa sababu sijawahi kubadilisha maoni yangu kuhusu mtu yeyote kama nilivyobadilisha kwake.

Sasa tuje kwenye lile bomba. Pembeni mwa Outer Ring Road kuna chemba kubwa tuliyoiita Njia Panda. Bomba kuu linaingia, kisha linagawanyika: tawi moja nene linakwenda Umoja, na jingine jembamba linakwenda mtaa wa mabanda wa Mukuru kwa Njenga, kwenye mifereji michache ambayo watu wengi sana hupanga foleni. Nekesa alikuwa ameolewa, akaachwa, akahamia Mukuru na watoto wake. Alipika uji alfajiri na kuuza kwenye lango la viwanda, vibarua wakinywa kabla ya kuingia. Bila maji hakuna uji, na bila uji watoto wa Nekesa hawali. Hilo ndilo lililokuwa pale Njia Panda kwangu. Wengine waliona vali mbili. Mimi nilimwona dada yangu na sufuria yake.

Maji yakiwa mengi, vali zote mbili hukaa wazi na hakuna anayejua jina lako. Kiangazi kikija, yanatosha tawi moja tu kwa wakati mmoja. Ukifungua yote mawili, Umoja hayapandi ghorofani na Mukuru hayafiki mwisho wa bomba. Lazima pawe na zamu. Siku zile zamu iliamuliwa makao makuu, na mtu ambaye hakuwahi kuiona Njia Panda, na ilibadilika kulingana na nani amempigia simu. Mukuru hakukuwa na simu.

Vyama vingi viliporudishwa, siasa ilitufuata mpaka kazini. Nilikuwa nikishuka chemba, watu wanajadili juu ya kichwa changu. Chama kilichokuwa madarakani kilikuwa na mtu wake mtaani, Mzee Jeremiah, mwenyekiti wa tawi, mwenye lori la kuuzia maji na kofia ya chama aliyoivaa hata kanisani. Yeye alihubiri majimbo, kwamba nchi igawanywe na kila eneo lijitawale. Siku moja alinikuta nimekaa juu ya mfuniko wa chemba, watu wamejaa na mitungi yao.

"Wafula," akasema, "majimbo yakija, wewe utamfungulia nani maji? Hapa si kwenu."

"Kwetu ni Kaloleni, Mzee."

"Kaloleni ni nyumba ya kupanga. Nauliza kwenu. Kitovu chako kilizikwa wapi?"

"Nyuma ya hiyo nyumba ya kupanga."

Watu walicheka. Yeye hakucheka. "Haya, chekeni. Na haya maji, mnajua yanatoka milima ya nani? Kila mtu atakunywa ya kwao. Siku ikifika mtapanda basi, na sufuria zenu kichwani."

Nilimaliza kazi nikaenda zangu, lakini maneno yake niliyabeba njia nzima. Mimi nimelea watoto wa mama yangu katika mtaa huo. Bungoma, ambako jina langu linatoka, nimefika mara chache sana, na kila mara nimelala kwa watu walioniuliza nitaondoka lini. Kama kuna mtu anaweza kunieleza kwa maandishi ya heshima ni jimbo gani langu, niko tayari kusoma. Na kilichoniudhi zaidi ni hiki: mtu huyu aliyehubiri kugawa mamlaka alikuwa wa chama ambacho hakikuweza kubadilisha mwenyekiti wa soko bila kupiga simu juu. Hawakutaka kugawa chochote. Midomoni mwao neno majimbo halikuwa na maana ya uongozi uje karibu na watu. Lilikuwa na maana ya kwamba baadhi ya watu waende mbali. Sehemu nyingine za nchi watu walifukuzwa kweli, nyumba zikichomwa, na neno hilohilo likitajwa. Sisi tulipokea wageni wenye magodoro Kaloleni, na hawakuhitaji kutueleza mengi.

Upande wa pili alikuwa Kizito, wa upinzani, aliyegombea udiwani. Kijana mwenye sauti nzuri, ndevu za kusoma sana, na viatu ambavyo alivichafua kwa makusudi kabla ya mikutano ya Mukuru. Alikuja ukumbi wa Kaloleni ukajaa mpaka madirishani.

"Majimbo yao ni ukabila uliovaa suti!" alisema, na ukumbi ukalipuka. "Sisi hatutaki kumfukuza mtu. Sisi tunataka mamlaka yashuke! Yatoke kule juu, yaje kwenye wadi, yatoke kwenye wadi, yaje mtaani, yatoke mtaani, yafike kwa mama mwenye mtungi!"

Nekesa alikuwa kando yangu. Alipiga kigelegele mpaka sikio langu likaziba.

"Huyu anajua mtungi, Wafula," aliniambia.

Nilidhani hivyo pia. Mtu akitaja mtungi mbele ya watu wanaopanga foleni, inaonekana ameufikiria.

Kabla hata ya uchaguzi kiangazi kikashika, na watu wakaichukua hiyo hotuba kama walivyoisikia. Asubuhi moja nilifika Njia Panda nikamkuta Mwalimu Elijah na wenye nyumba wenzake, wamebeba kitu kirefu kimefungwa gunia.

"Mwalimu, hicho nini?"

"Ni mamlaka, Wafula. Si tumeambiwa yameshuka?" Akafungua gunia. Ulikuwa ufunguo wa vali, mpya kabisa, umechongwa na mafundi wa jua kali sokoni Gikomba, na lazima niseme kazi ilikuwa safi.

Kabla sijajibu, upande wa pili wa barabara likaja kundi la akina mama wa Mukuru, Nekesa mbele, na chuma chekundu begani.

"Niaje, fundi," akaniambia dada yangu, kama hanijui.

"Nekesa, na hicho?"

"Yetu ndogo tu. Imetoka Gikomba jana."

Mwalimu Elijah akauangalia ufunguo wake, akauangalia wa Nekesa. Mkono ulikuwa umechomelewa kwa mtindo uleule. "Kwa yule mrefu, karibu na mashine ya kusaga?"

"Huyo huyo."

"Ametuuzia wote, shetani yule!"

Mngedhani wangecheka wakaenda nyumbani. Hapana. Kila upande ulikuwa na ufunguo, na kila upande ulikuwa umeambiwa jukwaani kwamba mamlaka ni yake. Wa Umoja walifungua vali yao na kufunga ya Mukuru. Walipogeuka, wa Mukuru wakafunga ya Umoja na kufungua yao. Mwanzo niliomba, kisha nilipiga kelele. Iliendelea hivyo kwa siku kadhaa, na katika siku hizo hakuna nyumba iliyopata maji ya kujaza ndoo, kwa sababu maji hayakupewa nafasi ya kufika popote. Mwisho Mwalimu Elijah aliifunga vali ya Mukuru kwa hasira ya mwalimu aliyetukanwa, mkupuo mmoja, na bomba likapiga kichwa na kupasuka barabarani. Maji ya tope yakaruka juu kuliko waya za simu. Watu walikuja na karai, sufuria, hata beseni za watoto. Ndiyo siku pekee katika kiangazi kile ambayo Umoja na Mukuru walipata sawa, na ilikuwa maji ya rangi ya chai.

Sikuwacheka, na nyinyi msiwacheke. Hawa hawakuwa wajinga. Waliambiwa mamlaka ni kitu ambacho mtu anakishika peke yake na kukizungusha. Hayo ndiyo waliyoyaona maisha yao yote yakifanywa na wakubwa, nao wakafanya vivyo hivyo kwa chuma cha Gikomba.

Tulipomaliza kuziba bomba, niliwaomba pande zote mbili waje ukumbi wa Kaloleni, kwa kuwa Kaloleni haina haja na bomba hilo, na hakuna upande uliokuwa kwao. Walikuja wamenuna. Wa Umoja walisema wao ndio wanaolipa bili. Wa Mukuru walisema hawajawahi kuletewa bili, waletewe waone kama hawatalipa. Wakatajana makabila kidogo, kisha wakaona haya, maana pande zote mbili zilikuwa na watu wa kila mahali. Kugawana siku halikuwa tatizo: walikubaliana mapema kuliko nilivyotarajia. Tatizo lilikuwa moja. Nani atashika ufunguo?

"Fundi ashike," mtu akasema.

"Fundi ni ndugu ya Nekesa," akajibu Mwalimu Elijah, na hakuwa amekosea.

Nekesa akasimama. "Basi tuukate. Huu wetu tuutupe, tubaki na wa Umoja. Mkono tuchukue sisi, fito mchukue nyinyi. Siku ya mtu yeyote ikifika, mwingine lazima aje na kipande chake. Asiyetaka kuja, na yeye siku yake ikija akae na kipande chake aotee jua."

Kisha Mwalimu Elijah akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyepigwa bao zuri. "Huyu mama mngemleta mapema," akasema.

Tuliukata, na ule wa idara nikauacha depo. Fundi wa Gikomba alitoboa tundu kwenye kichwa cha fito ili mkono upite na kukazwa kwa pini. Tangu siku hiyo, kila asubuhi ya zamu, mtu wa Umoja na mtu wa Mukuru walikutana Njia Panda, wakaunganisha, nami nikazungusha polepole. Walijifunza hata majina ya watoto wa wenzao. Msimamizi wetu wa depo alipita siku moja kwa gari, akaona ufunguo ambao haukutoka stoo, akapandisha kioo. Aliniambia baadaye, "Mimi sikuona kitu. Lakini malalamiko yamepungua, endelea kutoonekana." Kiangazi kile kikaisha, na kilichofuata kikaanza, bila ugomvi. Nekesa aliongeza sufuria ya pili.

Kizito alishinda udiwani kwa kishindo. Nilimpigia kura, na siombi msamaha kwa hilo. Mgombea mwingine alikuwa Jeremiah. Kizito alikuja Njia Panda asubuhi ya zamu ya Mukuru, na gari, na vijana wa kumfungulia mlango. Akautazama ufunguo ukiunganishwa.

"Nani aliidhinisha hii?"

"Sisi," akasema Mwalimu Elijah.

"Nyinyi ni nani?"

"Wenye kiu, Mheshimiwa."

Kizito akatabasamu lile tabasamu la jukwaani. Akaeleza kwamba mpango ni mzuri lakini hauko kisheria, kwamba sasa kuna kiongozi aliyechaguliwa, na kwamba vipande vyote viwili vitakaa ofisini kwake kwa niaba ya wananchi. Atakuwa akitoa maelekezo ya zamu kulingana na mahitaji. Vijana wake wakavichukua. Nekesa akajitupa mbele yao.

"Mheshimiwa, si ulisema mamlaka yatashuka?"

"Yameshuka, mama." Alisema kwa upole, kama anayemfundisha mtoto. "Yameshuka mpaka kwangu. Ni nyinyi mlioniweka."

Hapo ndipo yalipokwama, vijana. Hapohapo, mbele ya mlango wa gari.

Na mnadhani Jeremiah, adui yake, alisema nini? Alikuja wiki hiyohiyo depo kumuunga mkono. Wale wawili ambao majukwaani walitukaniana mpaka mama zao, sasa walikaa benchi moja mbele ya msimamizi wetu na kusema kwa sauti moja kwamba maji si jambo la kuachiwa watu wa mtaani, kwamba mimi nifungue Njia Panda kwa neno la ofisi ya diwani tu. Mmoja wa majimbo, mmoja wa kupinga majimbo. Nilisimama pale na kofia mkononi nikiwasikiliza, nikaelewa kwamba nilikuwa nimeshika swali baya miaka yote. Nilikuwa nikiuliza ni chama gani kinataka mamlaka yashuke. Ilinipasa kuuliza ni nani, akiwa na kitu mkononi, amewahi kukiachilia.

Ofisi ya diwani ilikuwa Umoja, kwenye ghorofa, na ofisi inataka maji ya choo. Zamu ya Mukuru ilianza kusogezwa. Kwanza kwa sababu ya mkutano, kisha kwa sababu ya wageni, kisha bila sababu. Lori la Jeremiah lilionekana Mukuru mara nyingi zaidi kuliko zamani, na hilo mtajaza wenyewe. Akina mama walirudi kuchota kwenye mtaro unaotoka viwandani, wakichemsha wenye makaa, na wasio na makaa wakiomba Mungu. Watoto wakaanza kuhara. Nekesa alifunika sufuria zake. Binti yake mdogo alilazwa, akakonda macho yakabaki makubwa usoni, na dada yangu akakaa naye usiku na mchana. Nilipofika wodini aliniuliza jambo moja tu.

"Wewe si ndiye mwenye ufunguo wa idara?"

"Ndiye."

"Basi."

Mtoto alipona. Wapo wasiopona, katika nyumba ambazo sitazitaja kwa sababu mama zao wako hai. Nimesikia watu wakisema miaka ile ilikuwa miaka ya kujifunza demokrasia. Sawa. Waambieni pia ni nani waliolipa karo.

Siku ambayo kwa haki ingekuwa ya Mukuru, asubuhi, jua limeshatoka, nilikwenda Njia Panda na ufunguo wa idara begani. Sikujificha. Nilimtumia Nekesa ujumbe alete mtu wa Mukuru, na nilipita mwenyewe kwa Mwalimu Elijah kumwambia ninachokwenda kufanya, kwa sababu bila mtu wa Umoja ingekuwa tu mimi namfungulia dada yangu. Alikuwa anapiga mswaki uani. Aliendelea kusugua meno. Nilikwenda nikijua kwamba mtu wa Umoja sitampata.

Nilifungua mfuniko. Kabla sijaingiza fito, vijana wa Kizito wakafika, na Kizito mwenyewe nyuma yao.

"Mzee Wafula, una amri ya nani?"

"Leo ni siku ya Mukuru."

"Nimeuliza amri ya nani."

"Toka hapo, buda," kijana mmoja akaniambia, "usituharibie siku." Akashika fito. Nami nikashika. Watu walikuwa wameshaanza kujaa, wa Mukuru kwa mitungi, na wa Umoja wakija kuona. Kizito akapanda ukingo wa chemba akawageukia wale wa Umoja.

"Watu wangu wa Umoja! Mnaona? Wanataka kuwakatia maji! Nyinyi mnaolipa bili! Semeni wenyewe: mnataka maji leo au hamtaki?"

Hilo lilikuwa swali la kutisha, kwa sababu jibu lake lilikuwa kwenye kila bafu. Kisha umati ukapasuka kidogo katikati, akapita Mwalimu Elijah, povu la mswaki bado liko kidevuni.

"Tunayataka sana, Mheshimiwa," akasema. "Kwangu wapangaji wamenitukana tangu jana. Lakini leo si siku yetu."

"Mwalimu, mimi nawapigania nyinyi!"

"Usitupiganie. Leo si siku yetu." Akageuka kwa wenzake. "Ni siku yetu?"

"Siyo," wakasema. Wachache kwanza, halafu wengi. Mwanamke mmoja, ndoo tupu kichwani, akaongeza, "Yetu ni kesho, na kesho utoke hapo pia."

Mwalimu Elijah akaja, akashika mkono wa ufunguo upande wa pili, mkabala na mimi. Yule kijana akaachia. Kizito alishuka ukingoni akasema kwamba tutajuta. Kwa upande wangu alisema kweli. Tulizungusha pamoja, na ilibidi nimkumbushe mwenzangu aende polepole, kwa maana mikono yake ilikuwa na mazoea mabaya. Bomba la Mukuru likaanza kwa mluzi, kisha likanguruma. Upande ule wa barabara sikusikia shangwe. Nilisikia plastiki: mitungi ikigongana, watu wakikimbia kupanga foleni.

Nilipelekwa stoo, kuhesabu mipira ya vali mpaka nistaafu. Sikupewa sababu na sikuuliza. Idara ikamleta mfungua vali mwingine, kijana mpole kutoka sehemu nyingine ya jiji, akapewa maelekezo kwamba afuate ofisi na si watu. Kiangazi kilichofuata alinijia stoo, kofia imelowa jasho, akasimama kati ya rafu.

"Mzee, nimetumwa nifungue Umoja. Nimefika Njia Panda, nimekuta watu wamesimama juu ya mfuniko. Wananiambia leo ni ya Mukuru, niache. Nifanye nini?"

"Waliokuzuia ni watu wa Mukuru?"

Akafikiria. "Sijui, Mzee. Walikuwa pamoja. Hata sikuweza kujua nani ni wa wapi."

Nikamwambia arudi akafungue ya Mukuru, na azungushe polepole.